Anda Panta

Kariakoo haimwachii mtu jina zima. Unaweza kuingia nalo refu kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, lakini kabla hujapata pa kutandika mzigo wako watakuwa wameshalikata, wamelipinda na kulishona upya. Abdulhamid wa mabegi wanamwita Midi. Nurdin wa viatu ni Nuru, ingawa kibanda chake ni giza mchana kutwa. Na Pantaleo, kijana wa Ndanda aliyekuwa akiuza boksa na singlendi kwenye meza ya mbao jirani na Mtaa wa Kongo, alikuwa Panta.

Hakulalamika. Panta ni jina lenye mgongo: fupi, linapazika, na mteja halisahau. Tena lilimwachia lile zima likae nyumbani, limekunjwa vizuri kama nguo ya sikukuu.

Na nyumbani sasa lilikuwa na kazi. Katika ukoo wao mzaliwa wa kwanza wa kiume huitwa Pantaleo, tangu siku babu wa babu alipobatizwa misheni, na Selina, mke wa Panta, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Jumapili mtoto angebatizwa. Babu Pantaleo, aliyemlea Panta tangu baba yake alipofariki, alikuwa ameshakata tiketi ya basi.

"Nakuja kumwona somo yangu," mzee alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inaweza kufikisha yenyewe. "Nikiona jina limepata mtu wa kulibeba, hata nikifa nitakuwa nimehama tu."

Panta akaahidi. Kwa siku kadhaa alitembea sokoni kama mtu aliyechaguliwa. Kila aliyepita mezani aliambiwa habari za mtoto, atake asitake.

Jumatano akaja mama mmoja wa Lusaka, mnunuzi wa jumla, mwenye begi la magurudumu na macho ya kukagua mshono kutoka ng'ambo ya barabara. Akasimama mezani, akatabasamu, akauliza kwa Kiingereza cha kwao:

"Andapantsi?"

Kiingereza cha Panta kilikuwa cha mpira wa miguu na cha bei. "Anda" alilijua sana: anda seventini, anda twenti, timu ya wadogo iliyo chini ya timu ya wakubwa. Na Panta ni yeye. Akajumlisha, akapata jibu: habari za mtoto zimefika mpaka Zambia.

"Anda Panta yuko nyumbani, madamu," akasema, akijipiga kifua kwa fahari. "Ananyonya."

Mama wa Lusaka akakunja uso. Akarudia polepole, safari hii akichora kwa kidole umbo fulani kuzunguka nyonga zake. Panta akaitikia kwa kichwa, akaguswa kweli. Mgeni wa watu, katoka mbali, anauliza kama mtoto anavalishwa nepi.

Kwenye meza ya jirani mtu alikuwa amekwisha kuanguka kwa kicheko. Huyo alikuwa Mudi, muuza mikanda, mtoto wa Ilala aliyemaliza kidato cha nne akiwa na Kiingereza cha kutosha kumdhuru mwenzake. Alikuwa amekalia mzigo wake mwenyewe, machozi yanamtoka.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "anataka boksa. Kwao ndivyo zinavyoitwa. Umemwambia boksa zako zinanyonya."

Mama wa Lusaka alifungiwa mzigo wake, akaondoka bila kujua alichokiacha nyuma. Mudi alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

"Tulia kwanza. Jina haliwezi kufanana hivi bure. Ngoja nimuulize mwenye kujua."

Alisoma kimya, midomo ikitembea. Kisha akapanda juu ya kigoda chake, na Panta akajua mambo yameharibika.

"Ndugu wananchi," Mudi alianza, "anda ni chini, hilo mnalijua. Pantsi ni kifupi cha pantaluni, yaani suruali. Sasa suruali ilipewa jina hilo na nani? Zamani, huko Italia, kulikuwa na michezo ya jukwaani ya kuchekesha. Ndani yake kuna kizee kimoja bahili, kikware, kimevaa suruali ya kubana mpaka unaona magoti yanavyopumua. Watu wakaiita suruali kwa jina la kizee. Na kizee mwenyewe walimpa jina la mtakatifu mmoja aliyependwa sana na watu wa Venisi. Mtakatifu nani?" Akageuka taratibu. "Panta, kaa chini. Mtakatifu Pantaleo."

Mtaa ukavuta pumzi. Halafu ukacheka mpaka njiwa wakaruka kwenye waya.

Kufikia mchana Panta hakuwa Panta tena. Alikuwa Anda. Muuza kahawa alimwita Anda. Nuru wa viatu alituma mtu aje kwa Anda kuomba kamba. Yule msukuma mkokoteni wa marobota, ambaye kwa kawaida hupiga mluzi tu, siku hiyo alipita akisema, "Anda, pisha," na Panta akaivuta meza yake pembeni huku akicheka na wenzake. Utani wa sokoni ni kama mvua ya Aprili. Ukikasirika hauachi, na nguo zinalowa vilevile.

Angecheka mpaka mwisho kama si mama mkwe.

Mama Winifrida, mama yake Selina, alikuwa amekuja kutoka Mbinga kumhudumia mzazi. Alhamisi alikuja sokoni kutafuta nguo nyeupe ya ubatizo, akaona ampitie mkwewe. Panta alikuwa stoo. Mama akamuuliza kijana wa meza ya mikanda, ambaye hakuwahi kumwona maishani mwake:

"Namtafuta Pantaleo."

"Pantaleo," Mudi akafikiri. "Aa, Anda. Mwenye jina la chupi. Kaa hapa kwenye kigoda, mama yangu, nikusimulie, hii lazima uisikie."

Akamsimulia. Akamsimulia yote na vitendo vyake, na alipofika kwenye ile suruali ya kubana akatembea nayo mbele yake, huku na huku. Panta aliporudi na robota begani alimkuta Mudi amechuchumaa katikati ya njia akiigiza magoti yanayopumua, na mama mkwe ameketi wima, pochi mapajani, midomo imefungwa kama mfuko wa unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mama Winifrida, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Mudi akainuka polepole. "Huyu ni mama yako?"

"Mama mkwe."

"Basi mimi nimeshakufa," alisema Mudi, akaingia chini ya meza yake.

Nyumbani kwao ni Magomeni, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji wengi na kuta zisizojua kutunza siri. Jioni ile Mama Winifrida hakusubiri hata chai iive.

"Baba," alimwambia Panta, maana ndivyo alivyomwita kwa heshima, na heshima yenyewe siku hiyo ilikuwa na ncha, "mjukuu wangu hawezi kuitwa chupi."

"Hajaitwa chupi, mama. Chupi ndiyo imeitwa yeye."

"Ndiyo tofauti?"

"Kubwa. Nani alitangulia?"

"Usinichanganye. Mimi nimesikia kwa masikio haya, njiani, kijana wa watu anatembea amepinda magoti. Na mjukuu wangu hata arobaini hajatimiza. Akienda shule itakuwaje? Aitwe Ansbert, kama marehemu mume wangu. Ansbert ni jina safi. Nani amewahi kumvaa Ansbert?"

Hilo la Ansbert lilikuwapo hata kabla ya kisa cha Kiingereza. Lilikuwa limekaa pembeni tangu mimba, limevaa viatu, linasubiri kuitwa. Panta alilijua. Akamtazama Selina. Selina alikuwa anamnyonyesha mtoto.

"Watoto wa siku hizi wanajua Kiingereza tangu chekechea," alisema Selina taratibu.

"Na wewe?"

"Mimi niko katikati. Nikisema la kwako, mama hatanikanda. Nikisema la mama, utanuna mpaka Krismasi. Mgongo unaniuma, baba mtoto, na mimi kununiwa sipendi. Nichague kipi?"

"Sikiliza," alisema Panta, na sasa hakuwa anatania. "Mzee Pantaleo kanilea kwa korosho na maneno. Nimemuahidi. Nikilibadilisha jina leo kwa sababu watu wamecheka, basi atakayekuwa amembatiza mwanangu si padre. Ni Mudi wa mikanda. Kesho wakicheka mguu wake nao tuukate?"

"Hakuna aliyezungumzia miguu," alisema Mama Winifrida.

Selina akamhamishia mtoto titi la pili. "Mama, jina hilo si la Panta. Ni la mzee, na mzee anafika Jumamosi. Kama unaona halifai, mwambie yeye mwenyewe. Akikubali, mimi nasema Ansbert na padre anamwaga maji."

"Nitamwambia," alisema Mama Winifrida. "Naogopa nini?"

Selina alikuwa anamtazama mtoto, na Panta, aliyemjua mkewe, aliona kona ya mdomo wake imeinuka kidogo. Hakuelewa kwa nini.

Ijumaa Mudi alimngoja na chapati mbili kama fidia.

"Mwanangu, nimelala vibaya. Kama nyumbani ni noma, nawaambia washikaji waache. Hakuna kuitana Anda tena."

"Wasiache."

"Eti?"

"Wakiacha leo watakuwa wamenihurumia, na huruma ya Kariakoo haina dawa. Lete simu. Ile habari uliisoma yote?"

"Sehemu tamu niliisoma."

Panta akaishusha ile habari kwa kidole mpaka chini, pale Mudi alipokuwa amepapita. Akamlazimisha atafsiri. Mudi akakohoa, akatazama pembeni.

"Inasema... jina lenyewe ni la Kigiriki. Maana yake ni kama simba. Simba kwa kila hali."

"Kwa nini hukulisoma hilo Jumatano, na wewe umesimama juu ya kigoda?"

"Mimi Yanga, Panta. Macho yangu neno hilo hayalioni."

Panta akachukua ile spika ndogo ambayo kila siku ilikuwa ikirudia bei za boksa, akafuta sauti iliyokuwamo, akarekodi mpya. Mpaka jioni mtaa mzima uliisikia ikizunguka na kuzunguka: "Boksa, boksa, njoo kwa Pantaleo. Wengine wanauza nguo za watu, mimi nauza jina la ukoo wangu. Cheka ukishanunua." Watu walicheka kabla na baada. Wengine walinunua, wengine walipiga picha tu. Panta alikaa nyuma ya meza yake, mikono kifuani, kama mtu aliyepigwa ngumi akaulizia ya pili.

Jumamosi Babu Pantaleo akafika na koti lake la kahawia na gunia dogo la korosho. Sikio moja lilikuwa limestaafu zamani na la pili lilikuwa linafikiria. Alimbeba mtoto, akamnusa kichwani, akamwita somo. Kisha akamwita Selina mke wangu, akamlaumu kwa kuolewa na kijana ilhali mzee yupo. Selina akamjibu kwamba mzee alichelewa basi. Wakacheka. Halafu chai ikaletwa, na Mama Winifrida akapiga goti, akasalimia, akakaa mkekani akiwa amejifunga kanga mbili.

"Baba," alianza, "kuna neno kuhusu jina la mtoto."

"Zuri, sivyo?"

"Zuri, baba. Ila huku mjini tumekuta lina maana kwa Kizungu. Ni nguo."

"Nguo," alisema Babu, akafurahi. "Nguo ni heshima. Nguo gani?"

Hapo ndipo Panta alipoelewa ile kona ya mdomo. Kwa akina Mama Winifrida, mbele ya mkwe aliyekuzidi umri hutamki hata neno kitanda. Mkwe mwanamume, mzee, mgeni, ana kikombe cha chai mkononi. Na mama huyu, aliyekuwa amelisema neno lile nyumba nzima kwa siku mbili, sasa alilitazama kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limeondoka.

"Nguo ya ndani, baba."

"Ndani ya nyumba? Pazia?"

"Hapana. Ya mtu. Inavaliwa chini."

"Viatu."

"Juu ya viatu."

"Soksi."

"Juu kidogo, baba."

Babu akashika goti lake, akamtazama kwa nia njema kabisa. "Hapa?"

"Bado," alisema Mama Winifrida. Akauona mkono wa mzee unaanza safari tena, akajifunika uso kwa kanga.

Panta angeweza kumwokoa. Neno moja tu lingetosha. Lakini alikuwa ameitwa Anda tangu Jumatano, na mwanawe alikuwa ameitwa chupi ndani ya vyumba anavyolipia kodi yeye. Akanywa chai. Selina alikuwa amegundua kitu cha kutazama kwenye sikio la mtoto na hakuinua kichwa.

Mkono wa Babu ukasimama njiani. "Aa," alisema. Akaweka kikombe chini. "Hiyo."

"Hiyo, baba," sauti ilitoka ndani ya kanga.

"Wazungu wanaiita Pantaleo?"

"Nusu ya jina, babu," alisema Panta. "Panta. Zamani lilikuwa zima, wakalikata."

"Wote wanavaa?"

"Wote."

"Hata mabwana wakubwa?"

"Hao ndio wa kwanza."

Mzee akafikiri. Walimwona anafika mahali mbali, mbali kuliko Ndanda.

"Baba yangu alikuwa anakata mkonge kule Lindi," alisema. "Kulikuwa na bwana mmoja wa Kizungu, mwekundu, kazi yake kufoka tu. Pantaleo wee, Pantaleo mvivu, Pantaleo hivi, mpaka jina likawa kama tusi. Baba alikuwa akirudi nyumbani hataki tumwite." Akaanza kutetemeka mabega, na ilichukua muda wajue kwamba anacheka. "Kumbe yule bwana alikuwa anamfokea huku amemvaa."

Alicheka mpaka mtoto akaamka. Ndani ya kanga nako kulisikika sauti ambayo Mama Winifrida baadaye alisema ilikuwa kikohozi.

"Mwanangu Winifrida," alisema Babu akipangusa macho, "kama kuna sababu nyingine, iseme. Hiyo mimi siioni kuwa aibu. Aibu ni yao walioliweka huko."

Mama Winifrida akafunua uso. Alikuwa ameshindwa, lakini alishindwa akiwa amekaa wima.

"Sina nyingine, baba. Ila wa pili ni Ansbert, na hilo halitajadiliwa na mtu."

"Wa pili tena?" alisema Selina. "Mgongo huu huu?"

Jumapili kanisani Mudi alikuja na kofia yake ya viua, akakaa benchi la mwisho, akainuka kila walipoketi na kuketi kila walipoinuka. Padre alipouliza mtoto anapewa jina gani, Panta hakujibu kwa sauti ya kanisani. Alijibu kwa ile ya mezani, ile inayovuka barabara ikampata mteja upande wa pili.

"Pantaleo."

Lilipiga ukuta wa nyuma likarudi. Watu wakageuka. Babu, kwa lile sikio lililokuwa bado linafikiria, alilisikia, akaitika.

Pilau lilikuwa nyumbani, na wapangaji wote walikuja. Zamzam wa chumba cha mbele, ambaye ukuta wake ulikuwa umemsomea habari yote tangu Alhamisi, aliinama juu ya mtoto, akatabasamu kwa upande.

"Kwa hiyo ndiye huyu wa chupi?"

Panta akafungua mdomo, lakini alichelewa. Mama Winifrida alikuwa ameshaweka sinia chini.

"Ndiye," alisema. "Jina lake limevaliwa dunia nzima. La mwanao linavaliwa na nani?"

Zamzam akaomba kachumbari.

Jumatatu asubuhi Panta aliitandika meza yake: boksa mbele, singlendi nyuma, spika juu ya boksi. Mudi alikuwa anatundika mikanda na kulalamika kwamba magoti yanamuuma, eti ukristo una mazoezi mengi. Marobota yalikuwa yanashuka, njia imebana. Yule msukuma mkokoteni akatokea kwenye kona, mzigo umemzidi kimo, akaiona ile meza njiani kwake.

"Oya Anda, pisha."

Panta aliendelea kupanga boksa zake kwa rangi.

"Anda yuko nyumbani, ananyonya," alisema. "Hapa unaongea na Panta."

Mudi akaacha kutundika. Msukuma mkokoteni akasimama, akamtazama Panta, akaitazama meza. Meza haikusogea.

Mkokoteni ukazunguka.